Kuacha plau kwenye ngano bila kupoteza mavuno: mwongozo kamili unaoanza na mikunde

Swali linalorudi ni lilelile: "Nimeacha plau, nimepanda juu ya mabua, ngano imetoka njano na magugu yameizidi. Nirudi kwenye plau?"

Ukiuliza zaidi, unakuta karibu kila mmoja alifanya hivi: alivuna ngano, msimu uliofuata akapanda ngano tena juu ya mabua yaleyale, na mbolea ikabaki kiasi kilekile cha miaka yote. Hapo hata udongo mzuri unashindwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya tafiti 610 kutoka nchi 63, ulionyesha hilohilo: kuacha kutifua peke yake hushusha mavuno, lakini ukibakiza masalia (mabua na majani yanayobaki baada ya kuvuna) na kuzungusha mazao pengo hupungua sana, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno hupanda.

Kwa hiyo mpangilio huu unaanza na mikunde, yaani mazao ya jamii ya maharagwe, ngano inafuata. Nimeuandika kwa nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania: Karatu, Monduli, Hanang na West Kilimanjaro, ambako ngano hupandwa kati ya Februari na Aprili kutegemea eneo. Ukiwa Makete, au Narok nchini Kenya, badilisha miezi. Kazi ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa

- Sepetu, na kipande cha nondo nyembamba chenye urefu wa mita moja
- Majibu ya kipimo cha udongo: pH (kiwango cha tindikali), fosforasi, na mboji. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian pale Arusha au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima
- Ripa (jembe la meno linalopasua udongo bila kuugeuza) ya trekta au ya ng'ombe, ya kwako au ya kukodi
- Planta inayoweza kupanda kwenye shamba lisilolimwa. Ulizia mapema, maana msimu ukifunguka wenye planta hawapatikani
- Mbegu ya mikunde, na mbegu ya ngano iliyothibitishwa, kilo 45 hadi 50 kwa ekari
- Mbolea ya kupandia (DAP, au TSP kwa mikunde) na ya kukuzia (UREA au CAN)
- Chokaa ya kilimo, kama kipimo kimesema
- Bomba la kupulizia lenye nozeli nzima, glavu, buti na barakoa
- Turubai, mizani ndogo, na kamba ya mita 10 yenye alama kila sentimita 10
- Maelewano na wenye mifugo. Bila haya, mengine yote ni kazi bure

## Hatua ya 1: Siku ya kuvuna

Kazi ya kupanda msimu ujao inaanza kombaini ikiwa bado shambani. Mwambie dereva akate juu kidogo, mabua yabaki yamesimama sentimita 20 hadi 30, na majani yanayotoka nyuma yatawanywe upana wote wa meza ya kukatia.

Kombaini nyingi za kukodi hazina kikatakata cha nyuma, au kipo na kimezimwa ili kuokoa dizeli. Matokeo yake ni mstari mnene wa majani na makapi kila baada ya mita chache. Msimu ujao planta itaziba hapo, mbegu itakaa juu ya majani badala ya kwenye udongo, na utaona shamba lenye milia: mstari wa kijani, mstari mtupu. Kama kombaini haina kikatakata, weka vijana wenye reki siku hiyohiyo, kabla majani hayajanyeshewa na kushikana.

Usichome. Moto unaondoa karibu naitrojeni yote iliyomo kwenye majani na kuuacha udongo wazi kwa mvua ya kwanza.

Mifugo ndiyo mtihani wa kweli. Kwa desturi ya maeneo mengi, shamba likishavunwa ni la kila mwenye ng'ombe. Kumkatalia jirani kabisa hakufai na hakuwezekani. Wanachofanya wanaofanikiwa ni kuuza au kugawa sehemu: wanafunga robo ya majani kuwa robota, au wanatenga upande mmoja wa shamba ulishwe, kwa siku zilizokubaliwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Umefanikiwa ukiona: tandaza kamba yako mshazari juu ya shamba, uhesabu alama zinazogusa majani. Alama 30 kati ya 100 ni kiwango cha chini cha kufika nacho siku ya kupanda. Kwa kuwa mchwa na upepo watachukua chao, siku ya kuvuna lenga 60 au zaidi.

## Hatua ya 2: Chimba uone

Plau ya diski ikipita kina kilekile miaka mingi hujenga tabaka gumu chini yake, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 20. Ukiacha plau bila kulivunja, umelihifadhi.

Udongo ukiwa na unyevu kiasi, sukuma nondo chini kwa mkono katika sehemu kumi tofauti. Ikizama vizuri kisha ikagoma ghafla kwenye kina kilekile karibu kila mahali, tabaka lipo. Thibitisha kwa shimo la sentimita 40: angalia mizizi ya mabua ya zamani. Ikishuka wima, huna tatizo. Ikifika mahali ikakunja na kutambaa pembeni, hilo ndilo tabaka lenyewe. Pima kina chake uandike.

Ukiwa na sepetu mkononi, chukua sampuli za udongo wa sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 kwa mkato wa zigizaga, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kuwekwa mbolea, na upeleke nusu kilo. Usichukue kwenye kichuguu, chini ya mti au palipokuwa na zizi.

## Hatua ya 3: Ripa na chokaa, mara moja

Pitisha ripa udongo ukiwa mkavu, sentimita 5 chini ya tabaka ulilopima. Udongo mkavu hupasuka na ufa ukaenda pembeni. Ukiwa na maji, meno hukata tu kama kisu na kupaka kuta za mfereji, na tabaka linabaki. Kipimo: chukua udongo wa kina hicho, ufinyange. Ukitengeneza kamba isiyokatika, subiri.

Kama hukukuta tabaka gumu, ruka kazi hii. Dizeli ni ghali.

Chokaa weka tu kama pH iko chini ya 5.5, kwa kiasi cha majibu ya maabara, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Sababu ya kuiweka sasa ni kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuichanganya na udongo kwa haro nyepesi. Ukishaacha kutifua, chokaa ya juu hushuka polepole sana. Usiimwage pamoja na DAP au UREA, kwa kuwa naitrojeni itapaa kama gesi ya amonia.

Tahadhari kwa udongo wa majivu ya volkano: katika Bonde la Ufa, hasa Nakuru nchini Kenya, upungufu wa shaba kwenye ngano unajulikana tangu zamani. Chokaa inaongeza tatizo, maana pH ikipanda shaba hushikwa zaidi na udongo. Dalili ni ncha za majani machanga kuwa nyeupe na kujikunja, kisha masuke matupu. Ukiwahi kuiona, panga kupulizia dawa ya shaba wakati ngano inachipua matawi.

## Hatua ya 4: Magugu, na sumu iliyobaki ardhini

Plau ilikuwa inakufanyia kazi ya kuua magugu. Ukiiacha, kazi hiyo inabaki kwako.

Mvua za kwanza zikiotesha magugu na ngano jioteayo, ziue zote wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Wengi wanadhani mabua makavu ndiyo yanayoleta ugonjwa wa kutu. Kutu ya ngano, ikiwemo kutu ya shina ya aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, huishi kwenye mmea ulio hai. Kinachoivusha kutoka msimu hadi msimu ni ile ngano ya kijani inayojiotea kando ya barabara na kwenye mabua. Mabua makavu yana ugonjwa wao mwingine: madoa ya majani, ambayo hukaa kwenye masalia na kuongezeka ukipanda ngano juu ya ngano.

Ukitumia dawa ya magugu ya glifosati, tumia maji maang'avu. Dawa hii hushikana na chembe za udongo, hivyo maji ya bwawa yenye rangi ya chai ya maziwa yanaiua kabla haijafika shambani. Watu wanalaumu duka kwa dawa feki kumbe tatizo ni pipa la maji.

Sasa jambo linaloharibu mikunde ya wengi. Kama msimu uliopita ulipulizia ngano dawa za magugu za jamii ya sulfonilurea, kwa mfano metsulfuroni, soma lebo sehemu inayotaja muda wa kusubiri kabla ya kupanda zao la majani mapana. Dawa hizi hukaa muda mrefu zaidi kwenye udongo wenye pH ya juu na msimu ukiwa mkavu. Kwa ngano hazionekani, kwa maharagwe ni kifo.

Jaribu hivi: jaza kopo tatu kwa udongo wa shamba na kopo tatu kwa udongo wa mpakani usiopuliziwa. Panda maharagwe manne kila kopo, mwagilia, subiri wiki tatu. Miche ya shambani ikidumaa, ikawa njano kwenye ncha za kukua huku ya mpakani ikiendelea, usipande mikunde hapo mwaka huu.

## Hatua ya 5: Msimu wa mikunde

Kwa nini mikunde ianze? Majani ya ngano yana kaboni nyingi mno kwa naitrojeni iliyomo, uwiano wa kama 80 kwa 1. Vijidudu vinavyoyaozesha huazima naitrojeni ya udongo kwanza. Ngano iliyopandwa hapo ndiyo ile njano ya kwenye swali. Mkunde unajitengenezea naitrojeni yake kutoka hewani, hivyo unavumilia kipindi hicho cha ukopaji. Faida ya pili: ukiwa na zao la majani mapana unaweza kutumia dawa ya kuua magugu jamii ya nyasi, yale ambayo ndani ya ngano hayashikiki.

Uchaguzi wangu wa kwanza kwa Karatu na Monduli ni ngwara. Inafunika ardhi, mizizi inakwenda chini, inaacha majani mengi, na soko lipo: ndiyo njahi ya Wakenya, na kila msimu magari huvuka Namanga nayo. Ubaya wake ni kukaa shambani muda mrefu.

Maharagwe yanapendwa kwa sababu yanalipa haraka, ila ni dhaifu katika kutengeneza naitrojeni, na namna yanavyovunwa inamaliza kidogo kilichokuwepo: yanang'olewa na mizizi, yanabebwa nyumbani, yanapigwa uani, na maganda wanakula mbuzi. Ukipanda maharagwe, yakate usawa wa ardhi, yapige kwenye turubai palepale shambani na urudishe maganda. Njegere zinafaa palipo baridi zaidi. Dengu zinafaa udongo mweusi wa mbuga, zikipandwa mwisho wa mvua ziishi kwa unyevu uliobaki.

Ngwara kwa kawaida hupata bakteria wake ardhini. Dengu kwenye shamba lisilowahi kuzipanda zinahitaji chanjo ya bakteria wa aina yake. Ya soya haisaidii. Ipake kwenye mbegu kivulini na upande siku hiyohiyo.

Mikunde haihitaji UREA, ukiipa itaacha kujitengenezea. Inahitaji fosforasi. TSP inafaa popote. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa hapahapa Manyara, ni chaguo zuri kwenye udongo wenye tindikali; kwenye udongo wenye pH ya juu huyeyuka polepole mno, na hapo mkulima hulalamika bure.

Umefanikiwa ukiona: mimea ikianza kutoa maua, chimba mitano kwa sepetu (usivute, vinundu vitabaki ardhini). Pasua vinundu vya mizizi kwa kucha. Ndani vikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi, na usiihesabie ngano ijayo mbolea yoyote kutoka hapo.

## Hatua ya 6: Kupanda ngano juu ya masalia ya mikunde

Pima planta kabla haijaingia shambani. Planta ya upana wa mita 2.4 ikienda mita 42 inafunika karibu mita za mraba 100, ambayo ni sehemu moja ya 40 ya ekari. Funga mifuko kwenye mirija, iendeshe mita hizo 42, pima. Kama unataka kilo 46 kwa ekari, mizani isome kilo 1.15. Rudia hadi ipatikane.

Panda kina cha sentimita 3 hadi 5, mistari sentimita 20. Usianze asubuhi na mapema. Majani yenye umande hayakatwi na diski, yanasukumwa ndani ya mfereji na mbegu inalala juu yake bila kugusa udongo. Ngoja jua likaushe, hata kama mwenye trekta ananung'unika. Kila baada ya raundi chache shuka, fukua nusu mita ya mstari kwa vidole, uone mbegu ilipo.

DAP ipite kwenye planta. UREA usiiweke kwenye mfereji mmoja na mbegu, inaunguza chipukizi.

Umefanikiwa ukiona: baada ya wiki mbili, hesabu miche kwenye mita moja ya mstari, sehemu kumi. Miche 35 hadi 50 ni sawa. Chini ya 25 katika sehemu nyingi, tafuta sababu kwenye mstari wenyewe: kina, majani mferejini au mchwa.

## Hatua ya 7: Hesabu ya mbolea

Tani moja ya punje za ngano huondoka na takriban kilo 20 za naitrojeni. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9, mfuko wa UREA una 23, wa CAN una 13. Na mmea hauli yote unayomwaga, ni kama nusu tu. Sasa ona mkulima anayevuna magunia kumi ya kilo 100 kwa ekari kwa DAP mfuko mmoja: iliyobaki inatoka kwenye mboji ya udongo, na akiba hiyo inapungua kila mwaka.

Baada ya ngwara yenye vinundu vya waridi na majani yaliyobaki shambani, ninashauri DAP mfuko mmoja na UREA theluthi mbili za mfuko kwa ekari. Baada ya maharagwe yaliyong'olewa, usipunguze kitu. Ikiwa imebidi ngano ifuate ngano, mfuko mzima wa UREA, na robo yake uitoe mapema, wiki ya tatu, kabla ukopaji wa naitrojeni haujaidumaza.

Ili usibahatishe, weka kipande cha kupimia. Pima mita 3 kwa 10, na wiki mbili baada ya kuota nyunyiza humo gramu 370 za UREA mvua ikikaribia. Ifikapo wiki ya tano simama kwenye mpaka wa kipande hicho. Ukiona tofauti ya kijani kutoka umbali wa hatua kadhaa, shamba lina njaa, kuzia mara moja. Usipoona mpaka, mikunde imefanya kazi yake na unaweza kupunguza.

Muda wa kukuzia ni kuanzia machipukizi hadi fundo la kwanza kwenye shina. Pasua shina kuu kwa kucha karibu na ardhi. Ukikuta fundo limeinuka sentimita moja, uko mwishoni mwa dirisha. Mbolea ya baadaye huongeza protini ya punje, magunia haiongezi.

UREA iliyolala juu ya majani makavu hupotea hewani. Isubiri mvua, au tumia CAN.

Kabla ya kumwaga mbolea kwa sababu ya unjano, angalia unjano wenyewe. Njaa ya naitrojeni huanza majani ya chini, kutoka nchani. Salfa huanza majani machanga. Unjano wa mistari ya unga unaobaki kidoleni ukipangusa ni kutu ya njano, na UREA itaishibisha.

## Hatua ya 8: Misimu inayofuata

Zungusha mikunde, ngano, kisha rudi kwenye mikunde. Ngano mbili mfululizo zinavumilika kwenye shamba safi; ya tatu huleta nyasi na madoa ya majani. Rudia kipimo cha nondo kila baada ya misimu miwili, na ripa upitishe pale tu tabaka limerudi, mara nyingi kwenye njia za kombaini na trela za mavuno.

Kama shamba ni la kukodi msimu kwa msimu, usiweke chokaa wala ripa kwa fedha yako. Faida itavunwa na mwingine. Jadili mkataba wa misimu mitatu, ngwara ikiwa katikati, na uandike wazi kwamba majani yanabaki shambani na ni nani anaruhusiwa kuchunga lini. Mwenye shamba akikataa misimu mitatu, fanya hatua ya 4, 6 na 7 tu, tumia haro nyepesi mara moja, na uweke mbolea kamili.